Glasi ya Komanda Kalaba

"Kunywa!"

Hapo ndipo tulipomwacha mzee Amadi Yuma Jumamosi iliyopita. Kasimama kando ya meza ya Bwana Adrien, kitambaa cheupe mkononi. Bastola imelala mezani baina ya sahani na kikapu cha mkate. Komanda Kalaba ameitema divai kwenye leso, ameisukuma glasi yake mpaka ukingoni, na ametamka neno hilo moja.

Na wewe uliyefungia karanga gazeti la juma lililopita kabla hujalisoma, nakujua, usijitetee. Sogea nikupe kwa pumzi moja.

Ni Jumapili ya Oktoba, mwaka 1961, saa saba mchana, Elisabethville. Katanga imejitenga na Kongo. Baluba wa Kasai, wanaoshukiwa kuupinga utawala huo, wanasakwa mjini, maelfu wamekimbilia kambini. Mzee Amadi ni Mwislamu wa Kamalondo, ukoo wake wa Maniema, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili anatunza divai ya Bwana Adrien, Mbelgiji mwenye malori. Binti yake, Sofia, ameolewa na Symphorien, karani, Muluba wa Kasai. Jumanne Symphorien alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani akielekea kambini, na anayemshikilia ni huyu huyu Komanda Kalaba. Bwana Adrien akamwahidi mzee: "Tumulishe muzuri, tumunyweshe muzuri. Akishiba, mi nitamuomba mukwe yako." Basi wakamwalika. Komanda akaja, akala, akanywa, akatema.

Umefika tulipo? Twende.

"Minasema kunywa," Komanda akarudia. Hakupaza sauti. "Glasi hii hii yangu. Si ingine."

"Komanda, rafiki yangu!" Bwana Adrien akaruka kitini. "Divai iko muzuri sana! Angalia, mi nimekunywa glasi nzima, nimemaliza!"

Lo! Bwana Adrien, nani alikutuma useme? Kuna watu Mungu kawapa malori akawanyima akili ya kunyamaza.

Komanda aligeuka polepole akamtazama.

"Ya kwako iko muzuri?"

"Muzuri kabisa."

"Ya kwangu inaonja chuma. Chuma na moto. Na chupa ni moja, shi ni vile?"

"Ni... ndiyo, ni moja."

"Bon. Chupa moja, ya kwako muzuri, ya kwangu mubaya. Donc ubaya iko mu glasi yangu." Akahamisha macho kwa Amadi. "Na mu glasi yangu, nani alimimina?"

Aliyemimina alikuwa pale pale, na kitambaa chake.

Sasa nikwambie jambo ambalo nusu ya mji ililijua na Komanda hakulijua. Mzee Amadi hajawahi kuonja divai. Hata tone! Miaka yote ishirini na miwili kazi yake aliifanya kwa pua. Alivuta kizibo, akakinusa. Alimimina kidogo ndani ya karafu, ile chupa ya kioo yenye shingo ndefu, akanusa tena, akafumba macho, akasema: "Hii bado, Bwana, tuiache saa mbili ipumue." Au: "Hii ni ya kondoo. Ile ya kuku." Bwana Adrien akionja anakuta ni vile vile. Wazungu wa mtaa mzima walikuwa wakiiazima pua hiyo kwa karamu zao.

Msikitini Kamalondo wazee walimsema. Yeye akawajibu: "Mikono ndiyo inamimina, mdomo haujui kitu." Mzee mmoja akamwambia, "Haya, Amadi. Mwosha huoshwa." Wakacheka, yakaisha. Leo Amadi aliikumbuka kauli ile wala hakuona cha kucheka.

Akatupa macho kwenye sahani ya Bwana Adrien. Kondoo. Akatupa macho kwenye sahani ya Komanda.

Samaki!

Mzee alielewa yote kwa mara moja, na kuelewa kwenyewe hakukumsaidia kitu.

Divai ya siku ile ilikuwa Madiran, kutoka kusini mwa Ufaransa, nyeusi kuliko nyekundu, divai ya kiburi. Tangu asubuhi Amadi aliilaza kwenye sakafu ya saruji, imefungwa kitambaa kibichi kwa ajili ya joto la Oktoba. Saa tano akaifungua ipumue. Na chakula chake alikipanga mwenyewe: paja la kondoo lililokuja kwa treni kutoka Rhodesia, na mafuta yake, na kitunguu saumu, na chumvi ya kutosha. Kwa maana divai ya namna ile hukamata ulimi kama pera bichi. Ikikutana na mafuta na chumvi, hulegea na kuwa tamu. Ikikutana na samaki, tena samaki wa moshi, inageuka chuma mdomoni. Tia na pilipili juu yake, ndipo mtu ataapa kwamba amewekewa sumu.

Na samaki yule alitoka wapi? Kwa Chanda, mpishi. Amadi alipoteremka kwenye chumba cha divai kuchukua chupa ya akiba, Chanda alipita na sahani yake ya siri. Chanda ni mzaliwa wa Kilwa ya Katanga, si ile ya pwani, Komanda ni mtu wa Pweto, ziwa lao ni moja. Na kwao mgeni mkubwa hapewi chakula cha kizungu peke yake ukanyamaza. Anapewa cha kwao, ajue kwamba unafahamu alikotoka. Chanda alizunguka soko zima Jumamosi kutafuta samaki wa moshi wa Pweto. Akampika kwa nyanya na pilipili ya kutoa machozi, akamweka pamoja na bukari, ugali wa kwao, mbele ya Komanda kwa mikono miwili, amepiga goti. Komanda alifurahi mno. Akasukuma kondoo pembeni, akala kwa vidole, akalamba mchuzi. Kisha akavuta glasi.

Sasa Chanda alikuwa mlangoni mwa jikoni, ameshika fremu. Amadi alimwona. Nyuma ya Chanda akaona kitambaa cha kichwa cha manjano. Sofia! Mwanamke huyo alikuwa ameketi jikoni tangu asubuhi akingojea habari ya mume wake.

Mzee afanye nini? Akisema "ni samaki", bastola itageukia mpishi. Akinyamaza, inabaki kwake. Akakohoa.

"Komanda, ubaya haiko mu glasi. Wala hakuna muntu alifanya kitu. Ni vitu viwili havipatane tu. Divai hii na samaki, havipatane."

"Samaki?" Nyusi za Komanda zikapanda. "Unasema samaki ya kwetu iko mubaya?"

"Hapana, Komanda. Samaki iko muzuri..."

"Samaki ya Pweto! Ile mama yangu alinikomeshea nayo toka utoto! Miaka makumi ine minakula, hainifanyiaka kitu. Leo minakunywa maji yako hii nyeusi, mudomo inaungua. Halafu unaniambia ni samaki!"

"Komanda, mi sitake kusema..."

"Boyi ananifundisha kula!" Komanda akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. "Kunywa."

"Komanda, unisamehe. Miye ni Mwislamu. Sikunywaka hata siku moja."

"Aa! Leo njo unakumbuka dini? Kila siku unaminia bengine divai, leo kwangu njo unakuwa Mwislamu?"

Ukitazama kwa jicho la Komanda, msomaji wangu, mambo yalikuwa mabaya kweli. Mtu anamimina asichotaka kunywa. Anaambiwa kunywa, anatafuta samaki. Anaambiwa tena, anatafuta dini. Hata mimi ningetilia shaka.

Amadi akamgeukia bwana wake. Miaka ishirini na miwili! Alimuuguza malaria, alimzikia mke, alijua hata soksi zake. Macho ya mzee yalisema waziwazi: niokoe.

"Amadi," Bwana Adrien akasema kwa sauti ya chini, akitazama kikapu cha mkate. "Kunywa tu. Ni kidogo."

Kidogo kwako, Bwana.

Amadi akaichukua glasi. Ulimi kwa mazoea ulikwenda kwenye Bismillahi, akauzuia katikati, akaona haya mbele ya Mungu wake. Akamfikiria Symphorien. Kijana aliyemchukua binti yake bomani, si msikitini. Ambaye mzee kwa miaka miwili hakumwita mkwe wala kukanyaga kizingiti chake. Kwa ajili ya huyo anauvunja mwiko wake. Akafumba macho akanywa mpaka chini.

Ulimi ukashikwa. Mashavu yakakauka ndani. Kifua kikapata moto. Halafu, polepole, vikaja vyote ambavyo pua ilimwambia miaka yote ile: matunda meusi yaliyoiva, ngozi ya kiatu kipya, moshi wa mbali, udongo baada ya mvua. Pua haikumdanganya hata kimoja.

Na ilikuwa nzuri. Mungu amsamehe, ilikuwa nzuri kweli. Hilo lilimuuma kuliko bastola.

"Simama pale mi nikuone," Komanda akasema. Akavua saa mkononi akaiweka mezani. "Dakika kumi."

Dakika kumi! Ushawahi kutazamwa na watu wawili wakingojea kama utakufa? Nzi alitembea kwenye ukingo wa sahani. Bwana Adrien alijifuta jasho mara tatu. Amadi, tumbo tupu, kichwa kikaanza kumzunguka, akaogopa: nikiyumba kwa kilevi, watasema ni sumu! Akabana vidole vya miguu ndani ya viatu akasimama wima kama mlingoti wa bendera.

Dakika ya saba jasho likamwingia jichoni, hakuthubutu kulifuta. Dakika ya tisa Komanda akasogeza kiti karibu, akamchungulia mboni za macho.

Kumi.

"Uko unasimama," Komanda akasema.

"Ninasimama, Komanda."

"Tumbo haikuume?"

"Haiume."

Komanda akajikuna kidevu. Alikuwa kama mtu aliyenyimwa kitu. "Alors nielezee. Juu ya sababu gani ya kwangu ilionja chuma?"

Mzee akaona mlango umefunguka kidogo, akapenya. Hakueleza. Alichukua sahani safi. Akakata kondoo kipande kinene, na ukanda wake wa mafuta, akanyunyiza chumvi. Akamega mkate, akasema, "Komanda, kula kwanza mukate huu mukavu, uondoe pilipili." Akangojea. Akamimina divai kwenye glasi mpya, mbele ya macho yake, akaonja yeye kwanza bila kuambiwa. Mara ya pili haikuwa ngumu, na hilo nalo akalisikitikia.

"Sasa kula nyama. Usimeze yote. Halafu kunywa."

Komanda akatafuna. Akanywa. Shavu moja likavimba.

Akameza. Akakata kipande kingine, mwenyewe. Akanywa tena.

"Mama yee!"

Akapiga meza mpaka bastola ikaruka. "Ni divai ile ile? Ile ile?"

"Ile ile, Komanda."

"Imekuwa muzuri! Imekuwa laini! Adrien, onja! Huyu muzee ni mulozi!"

Bwana Adrien akacheka kwa sauti ya mtu aliyetolewa shingo kwenye kamba. Chanda mlangoni akajipiga ishara ya msalaba. Na mzee Amadi, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akavuta pumzi ya kweli. Komanda sasa anamwita muzee, si boyi. Akala kondoo, akanywa glasi tatu, akalegeza mkanda.

"Adrien," akasema, akijifuta midomo, "leo nimefurahi. Omba kitu. Kimoja tu, bantu banakuja kuniomba omba mpaka nimechoka. Kimoja, na mi nitakubali."

Hapo, msomaji wangu, jikoni Sofia alimkamata Chanda mkono mpaka akamwachia alama za kucha. Amadi akaiweka karafu chini isije ikamponyoka. Sema, Bwana. Sema jina. Symphorien. Ni neno moja.

Bwana Adrien akajikohoza.

"Komanda... ni malori yangu. Malori tano, imesimama ku njia ya Kilwa. Askari yako wanazuia. Kama ungeniandikia karatasi ipite..."

Astaghafirullah!

"Malori tu?" Komanda akacheka. "Bon, itapita." Akatoa kalamu mfukoni, akaandika juu ya leso ya karatasi, akasaini, akaisukuma upande wa pili. Bwana Adrien akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani. Muda wote huo hakumtazama Amadi. Akauchezea uma.

Nani wa kumlaumu? Mimi namlaumu. Lakini lawama haifungui mlango wa gereza.

Sasa mzee alikuwa na glasi nzima na funda moja tumboni, vitu ambavyo tumbo lile halikuvijua. Ni divai ilisema au ni baba wa Sofia, hata yeye hakujua. Akapiga hatua mbele.

"Komanda. Na miye niko na ombi."

"Amadi!" Bwana Adrien akamkemea.

"Acha aseme. Sema, muzee."

"Kuko kijana mu boloko, mu gereza yako. Walimushika Jumanne ku barrière ya barabara. Ni karani, hana kosa, hakuna siasa anafanya. Jina yake Symphorien." Akapiga hatua nyingine, akamalizia. "Ni mukwe wangu."

Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo. Jikoni, Sofia akaiziba kwikwi yake kwa upindo wa kitenge.

Komanda akaacha kutafuna.

"Symphorien. Ule Muluba mwenye miwani?"

"Ni yeye."

"Mukwe yako."

"Ndiyo, Komanda."

Komanda akaweka kisu chini. Akaweka uma chini. Akavuta bastola karibu na sahani, bila haraka. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Kumbe! Muntu mwenye mukwe mu boloko yangu, njo anaminia divai yangu."

Ombi la mzee lenyewe ndilo limemtia hatiani! Alipokuwa mtumishi tu, hakuwa na sababu ya kumdhuru mtu. Sasa sababu ameitaja kwa kinywa chake.

"Adrien," Komanda akasema, "ulijua?"

Amadi akamtazama bwana wake.

"Mi?" Bwana Adrien akasema. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa ndani. "Hapana, Komanda. Mi sikujua kama iko na mukwe."

Nimeandika mistari hii mara mbili, nikidhani labda nilisikia vibaya. Ndivyo alivyosema.

Amadi hakulia, hakupiga kelele. Angepiga kwa nani? Akasimama na mikono yake mitupu, akamwachia Komanda aamue. Mbele ya mwenye nguvu, mnyonge hungojea tu aambiwe.

Komanda alimpima mzee kuanzia viatu mpaka kofia, mara mbili. Kisha, taratibu, tabasamu likarudi, na lilikuwa baya kuliko hasira.

"Lakini unajua, hii ni muzuri. Muzuri sana hata. Mi natafuta muntu wa kuonja. Kila sahani, kila glasi, yeye mbele, mi nyuma. Sipati muntu wa kuamini. Wote wanaweza kununuliwa." Akanyoosha kidole. "Wewe, nani atakununua? Mukwe yako iko mu mukono yangu. Siku unaonja na unasimama, yeye anakula, hakuna muntu anamugusa. Siku unaanguka..." Akainua mabega. "Donc utachunga vizuri. Na uko na pua."

"Utamufungua lini, Komanda?"

"Vita ikiisha."

"Na vita itaisha lini?"

"Unaniuliza miye?" Komanda akasimama, akafunga mkanda. "Twende. Unaanza leo."

Na Bwana Adrien? Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Alinyanyuka nusu kitini akauliza: "Na chumba changu cha divai, nani atakichunga?"

Amadi alipewa dakika mbili za kuchukua koti. Jikoni Chanda alimwangukia miguuni.

"Yaya, kaka yangu, ni miye! Ni samaki yangu! Nilitaka tu ajue tunamujua!"

"Inuka. Mgeni anapewa cha kwao, hukukosea." Akamwinua kwa kwapa. Angesema nini kingine? Mpishi alimpa mgeni heshima, mgeni akatoa bastola.

Sofia alikuwa amesimama karibu na jiko, macho makubwa. Kelele za sufuria na kilio cha Chanda vilimkatia maneno ya mezani vipande vipande. Alisikia "yeye anakula". Alisikia "hakuna muntu anamugusa". Na alimwona Komanda akitabasamu.

"Baba! Amekubali?"

Mzee alitafuta jibu lisilo uongo.

"Symphorien ni mzima. Anakula. Hakuna anayemgusa."

"Alhamdulillahi!" Akamrukia babake shingoni. Kisha akakaza mwili. Akarudi nyuma hatua moja, mkono puani. Tangu azaliwe hakuwahi kuisikia harufu ile kwenye pumzi ya babake.

"Baba... umekunywa?"

Amadi akainamisha kichwa. Mbele ya bastola alisimama wima, lakini mbele ya binti huyu hakuweza.

Machozi yakamtoka Sofia, akapiga magoti akamshika mkono akaubusu. "Kwa ajili yake," akasema. "Wewe uliyekataa hata kunywa maji kwetu. Kwa ajili yake!"

Honi ikalia nje. Mara mbili.

"Unakwenda kumchukua? Unakwenda na Komanda mwenyewe?"

"Ninakwenda na Komanda."

"Basi mi nakimbia nyumbani, Baba. Nawasha moto sasa hivi. Nasonga bukari ya watu watatu, leo utakula kwetu, hukatai tena! Utakula kwetu, sivyo?"

Ungekuwa wewe ungemwambiaje? Mimi sijui. Mzee aliutazama uso ule unavyowaka kwa furaha.

"Washa," akasema.

Akatoka. Jua lilimpiga usoni. Maua ya jakaranda yalikuwa yamejaa juu ya gari la wazi la Komanda, na askari mmoja alikuwa akiyafagia kitini kwa kofia. Amadi akapanda nyuma. Walipopita kando ya ukuta akamwona Sofia anakimbia kuelekea Kamalondo, viatu mkononi, kitambaa cha manjano kinapepea, akiwapungia mkono kwa furaha. Komanda naye akampungia.

"Binti yako?"

"Ndiyo, Komanda."

"Iko na roho muzuri."

Wakaenda mpaka njia panda. Kilevi kilikuwa kinamtoka Amadi, na akili ikaanza kumrudia, na pamoja na akili likaja swali. Komanda alisema anatafuta mwonjaji. Lakini mtu wa namna hii, mwenye woga wa namna hii, hakuanza kuogopa leo. Lazima kulikuwa na mwingine.

"Komanda," akasema. "Ule alikuwa anaonja kabla yangu. Alienda wapi?"

Komanda Kalaba akaitazama saa yake.

"Hakuenda. Iko mu nyumba, mu chumba ile utalala. Tunamuzika saa kumi."